Dangarembga: Sarungano aliyebadilisha nyenzo bila kuiacha ngano

AGHALABU wahakiki wetu humgawa msanii vipande vipande. Riwaya zake hupelekewa mwalimu wa fasihi andishi, tamthilia zikaenda kwa watu wa jukwaa, nazo filamu zikaachiwa idara ya mawasiliano. Ukimsoma Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe kwa mtindo huo, basi umempoteza.

Wapo wanaouliza ati alikuwa wapi kati ya Nervous Conditions (1988), riwaya iliyomletea Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kanda ya Afrika, na The Book of Not (2006). Miaka 18! Swali lenyewe linachukulia kwamba mwandishi asipochapisha kitabu amenyamaza. Hakunyamaza. Alikwenda Berlin kusomea filamu. Alitunga kisa cha Neria (1993), filamu kuhusu mjane anayenyang'anywa mali na shemejiye. Kisha akaongoza Everyone's Child (1996), filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke Mweusi wa Zimbabwe.

Hoja yangu ni kwamba nyenzo zilibadilika, lakini kazi ilibaki ile ile ya mtambaji. Kishona kinatusaidia hapa. Hadithi za jadi huitwa ngano, sawa na kwetu, na mtambaji huitwa sarungano. Yeye hufungua kwa "Paivapo", yaani palikuwapo. Filamu yake fupi ya 2005, Kare Kare Zvako, inabeba neno ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulitambua: kare ndiyo kale yetu.

Filamu hiyo imejengwa juu ya ngano. Wakati wa njaa, baba anamuua mama wa watoto wake ili amle, lakini mama huyo hakubali kumalizwa kirahisi. Nyimbo ndizo zinazosukuma kisa mbele, kama zinavyofanya katika utambaji wa jioni. Naiona kuwa bora kuliko Everyone's Child, ambayo nia yake ya kuelimisha umma kuhusu mayatima wa Ukimwi ni njema, ila funzo linamtangulia mhusika mlangoni. Ngano nayo hufunza, lakini kwanza hutisha na kuchekesha.

Sasa turudi kwenye riwaya. Katika Nervous Conditions, Tambudzai anajisimulia kwa nafsi ya kwanza: msichana wa kijijini ambaye kifo cha kakake ndicho kinachomfungulia mlango wa shule. Katika This Mournable Body (2018), iliyoingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 2020, Tambudzai yule yule anasimuliwa kwa nafsi ya pili. Ile "ni-" imekuwa "u-". Si pambo. Mwanamke aliyesoma, akakosa kazi na heshima, hawezi tena kusema "mimi" kwa uhakika; anajitazama kwa mbali, kama kamera inavyomtazama mtu. Siamini kwamba mwandishi ambaye hakupitia filamu angeifikia mbinu hii kwa wepesi huo.

Julai 31, 2020, Dangarembga alikamatwa jijini Harare akiandamana na bango lililodai taasisi za nchi zirekebishwe. Alihukumiwa Septemba 2022, na Mahakama Kuu ikaibatilisha hukumu hiyo Mei 2023. Bango ni maneno machache tu, lakini ndilo andiko lake lililomfikisha kizimbani. Riwaya nene hazikufanya hivyo. Mtambaji anajua hadhira ipi inasikia nini, na wakati gani.

Ndiyo maana nasema mitaala yetu inawapunja wanafunzi inapotenga fasihi simulizi, andishi na filamu kana kwamba ni nchi tatu zenye mipaka. Mwanafunzi akimaliza shahada bila kumwona sarungano mmoja akivuka mipaka hiyo, atakuwa amejifunza majina ya tanzu, lakini hajakutana na mtambaji.