Nzi wa Siku Mbaya

Nairobi na Kenya ya kati wako watu, wengi wao wanawake, wanaolipwa kufunga nzi. Mgeni akiambiwa hivyo humtazama msemaji usoni aone kama anataniwa. Lakini kazi ndiyo hiyo. Ndoana ndogo hubanwa kwenye jiliwa, uzi mwembamba kuliko wa cherehani huzungushwa, unyoya wa jogoo hutiwa, manyoya ya sungura, waya, fundo, na baada ya dakika chache mezani kuna mdudu ambaye Mungu hakumuumba. Sehemu kubwa ya nzi wanaouzwa madukani Uingereza hutoka katika mikono hiyo. Mvuvi wa huko akisimama baa akimsifu nzi aliyemletea trauti mkubwa, mara nyingi anavisifu vidole vya mama wa Kenya, naye hana habari.

Mimi nataka kumsifu nzi mmoja tu katika hao, tena asiye na sura. Anaitwa Zulu. Mweusi tii, mkia mwekundu mfupi, manyoya yamemsimama mwili mzima utadhani ameamshwa usingizini kwa kelele. Kwa nini Waingereza wa zamani walimpa mdudu mweusi mwenye hasira jina la taifa lililowapiga Isandlwana mwaka 1879, kila mtu ajijibu mwenyewe. Ni nzi wa maziwa ya Uskoti, wa siku ambazo upepo umekwaruza maji hadi yakawa na mawimbi na mbingu imeshuka karibu na kofia. Siku nzuri abaki kisandukuni. Wako nzi wenye mabawa ya kupendeza kwa siku hizo.

Ukitaka kumfunga, chukua ndoana namba 10 au 12. Namba ikipanda ndoana hupungua, jambo linalowachanganya wanafunzi wote. Funika mti wa ndoana kwa uzi mweusi uliopakwa nta, mizunguko ikigusana, mpaka pale ndoana inapoanza kupinda. Hapo funga kipande cha sufu nyekundu kiwe mkia. Mimi hukikata kwenye sweta ya shule iliyokwisha kuchakaa viwiko. Funga na waya mwembamba wa fedha, ila uuache unaning'inia, zamu yake bado. Sasa sokota manyoya meusi ya sungura kwenye uzi, kidogo kidogo, uzi uwe kamba yenye vishungi, uizungushe kwenda mbele. Mwili usinenepe. Na usisahau kuacha nafasi ya kichwa, maana tundu la ndoana likizibwa na nyuzi, yuko mtu atakayekutukana akiwa amesimama majini na vidole vimekufa ganzi.

Unyoya ndio unaomtenga fundi na mwanafunzi. Hutoka shingoni mwa jogoo, si mwa tetea. Unyoya wa tetea ni mlaini, unakunywa maji na kuzama. Wa jogoo ni mkakamavu, unasimama na kumbeba nzi juu ya wimbi. Ukunje kidogo kati ya vidole, uangalie vinyweleo vinavyosimama: virefu mno vitamfanya nzi apepesuke, vifupi mno havitafanya kitu. Marekani wako wafugaji wanaokuza majogoo kwa ajili ya manyoya tu, kizazi baada ya kizazi, hadi unyoya mmoja unatosha nzi kadhaa. Mwaka 2011 wasichana wa huko walianza kuyasuka manyoya hayo nywelini, saluni zikayanunua kwa fujo, bei ikaruka, na wavuvi, watu ambao kwa kawaida hawajui mitindo ya nywele hata ya wake zao, wakajikuta wanagombea jogoo mmoja na wasusi. Kwa Zulu huna haja ya jogoo wa kifalme. Jogoo mweusi wa kienyeji, aliyezeeka akipigana, ana shingo ya kutosha.

Unyoya hufungwa mbele, karibu na kichwa, kisha huzungushwa kurudi nyuma kwa hatua pana hadi mkiani. Hapo waya uliokuwa ukisubiri hupata kazi. Unaukamata unyoya kwa mzunguko mmoja, halafu unapanda kwenda mbele ukikatiza mizunguko yake, ukiubana uti wa unyoya mahali pengi. Mkono huutikisa waya kushoto na kulia unapopita, ili usivilaze vinyweleo. Trauti ana meno madogo makali, mpaka kwenye ulimi. Unyoya ambao haukubanwa ukikatwa mahali pamoja hufumuka wote, na nzi amekwisha. Uliobanwa kwa waya ukikatika hapa umeshika pale. Aliyebuni hila hii alistahili sanamu kabla ya majenerali wengi waliosimamishiwa.

Fundo la mwisho, tone la vanishi kichwani, basi.

Sifa za nzi huyu huwezi kuzielewa bila kuelewa mvua inamfanyia nini samaki. Trauti aliyetulia mita 1 chini ya maji huiona dunia ya juu kupitia duara lenye upana wa mita 2 na ushei, kwa jinsi nuru inavyopinda inapoingia majini. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo tu kinachomwonyesha mawe ya chini. Maji yakiwa matulivu na jua kali, mkono wa mvuvi ukiingia ndani ya duara, samaki ameshaondoka. Matone ya mvua hulivunja duara vipande vipande. Mvuvi sasa anaweza kusogea hatua ambazo jana asingethubutu. Lakini faida hiyo ina gharama yake, kwani nzi naye haonekani vizuri. Mabawa ya rangi tatu yaliyomgharimu fundi nusu saa yanapotea katika vurugu. Kinachobaki ni kivuli na mtikisiko. Samaki anatazama kutoka chini kwenda juu, na mbele ya mbingu ya kijivu hakuna kivuli kizito kuliko cheusi. Na vile vinyweleo vilivyosimama husukuma maji kila nzi anapovutwa, nao mstari wa hisia ulio ubavuni mwa trauti huupokea msukumo huo hata pale jicho linaposhindwa.

Mvua pia huandaa chakula. Wako wadudu wadogo wa rangi ya zeituni, wataalamu huwaita Baetis, ambao utoto wao huupitisha chini ya mawe ya mito ya baridi, Ulaya, Marekani, hata kwenye vijito vya Mlima Kenya. Ukifika wakati hupanda juu, hupasua ngozi yao wakiwa juu ya maji, na kungoja mabawa yakauke ndipo waruke. Siku ya jua kungoja huko ni kwa muda mfupi. Siku ya manyunyu mabawa hayakauki upesi, na mdudu huelea mbali akiwa hana pa kukimbilia. Trauti hula bila haraka. Binadamu wenye akili wako nyumbani wanakunywa chai, na mtoni pamebaki wapumbavu wachache wenye makoti ya mvua, wakifurahi kupita kiasi.

Nami huwa miongoni mwao, milima ya Nyandarua, wakati wa gathano, majira ya baridi ya Juni hadi Agosti ambapo ukungu hulala mabondeni mpaka mchana. Mto wenyewe ni Gura, mto wenye hasira, husemwa kuwa miongoni mwa yenye kasi kubwa Afrika. Trauti hawakuwapo humo. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, yakaanguliwa, na vifaranga wakayapenda maji hayo kuliko walivyotegemewa. Kwa hiyo samaki wa Gura ni mjukuu wa Uskoti, na nzi anayeuzwa Uskoti ni mzaliwa wa Kenya. Siupambi ukoloni kwa kusema hivi. Samaki waliopandwa kwa starehe ya walowezi hawakuulizwa watawafanyia nini viumbe waliokuwamo mtoni tangu awali. Ila wapo, karne na zaidi sasa, na chakula wanakijua.

Nisije nikamdanganya mtu: si kila hali mbaya ni nzuri. Mvua kubwa ikipiga kileleni, Gura hupanda ghafla, na wewe huku chini labda unaona rasharasha tu. Majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi na maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, toka. Radi ikisikika, laza fimbo ya kuvulia chini, maana fimbo za kisasa ni za kaboni na kaboni hupitisha umeme. Na katika ukungu wa msitu ule nyati hatangulizi hodi. Askari wa wanyamapori anayekusindikiza na bunduki yake hayuko pale kwa ajili ya mapambo, hata kama muda wote ameinamia simu.

Ufundi huu ni wa kale kuliko maduka yake yote. Aelian, mwandishi wa Kirumi wa karne za mwanzo za zama hizi, aliandika kuhusu watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuipachika manyoya mawili ya jogoo. Sufu nyekundu, unyoya wa jogoo: karibu miaka 1,800 imepita na bado vyote viwili viko mezani pangu. Katikati hapo watu wameongeza hariri, dhahabu, manyoya ya tausi na ya ndege ambao afadhali wangeachwa hai. Kisha anatokea mmoja wa kupunguza. Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon huko Wiltshire, aliuacha uzi kabisa. Alichukua waya wa shaba mwembamba na vinyweleo vya mkia wa ndege wa porini wa huko, vya rangi ya kahawia iliyoiva. Waya ukawa uzito wa kumzamisha mdudu na hapo hapo ukawa uzi wa kumfungia. Vitu viwili tu. Nzi huyo leo yuko kila pembe ya dunia yenye trauti. Fundi wa kusuka mota pale Nyeri mjini anao waya wa namna hiyo wa kutosha vizazi, ameutupa kwenye kopo.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja aliyefunga nzi maisha yake yote ya kazi, ni yupi anayempenda. Akanionyesha mmoja mwenye mabawa ya buluu na kiuno cha dhahabu, kazi safi kabisa. Nikamuuliza kama samaki nao wanampenda.

“Mwanangu,” akasema, “samaki haleti oda.”

Ni kweli, na ndilo tatizo langu na nzi wazuri. Nzi wa kiwandani huhesabiwa kwa dazeni, na dazeni lazima wafanane. Mkaguzi huwapanga mstari, na mwenye kinyweleo kilichopinda hutolewa. Naiheshimu nidhamu hiyo, kwani mkono unaoweza kurudia kitu kilekile mara 12 bila kukosea ni mkono mkubwa. Lakini wavuvi wa zamani watakwambia kwamba Zulu huvua vizuri zaidi baada ya kutafunwa, manyoya yamebaki nusu, mkia umechanika na tumbo linaonyesha uzi. Wengine hawangoji meno. Wakinunua wapya huwapunguza vinyweleo kwa kucha palepale mtoni, mvua ikinyesha. Siku hizi mimi huwafunga wangu wakiwa wachache wa manyoya tangu mwanzo, mizunguko minne ya unyoya mahali pa sita. Niliwapeleka kwa yule mama awaone. Akamgeuza mmoja kwenye mwanga, akahesabu mizunguko, akasema kazini kwao asingepita, kisha akaomba abaki naye ili kijana wake anayevua mto Thego amjaribu.