Jina la Meno ya Mbele

Mwalimu afundishaye habari za mwili hafiki mbali katika somo la meno kabla hajasimama. Magego yana jina. Chonge nalo ni jina zuri, lenye kumkumbusha mtu kazi ya kuchonga. Bali yale manane ya mbele, manne juu na manne chini, huitwa "meno ya mbele" basi. Ndipo wengine hukimbilia Kilatini, wakaandika "insisa". Sioni kuwa wamefanya vema.

Tulitazame neno lenyewe. Incisor latokana na incidere, yaani kukata kwa kuingia ndani, nalo limejengwa juu ya caedere, kukata. Maana yake ni mkataji, wala hapana siri zaidi. (Katika caedere hiyo hiyo lilitoka caementum, mawe yaliyovunjwa ya kujengea, ndiyo asili ya sementi yetu.) Naye Celsus, Mrumi aliyeandika mambo ya uganga katika karne ya 1, alieleza kwamba Wayunani waliyapa meno hayo jina la kukata kwa sababu hukata. Waliokuja baadaye wakiandika Kilatini hawakushika sauti ya Kiyunani; walishika maana, wakaisema kwa maneno ya kwao. Basi sisi tushikao sauti na kuiacha maana, twamfuata Mrumi katika jambo gani?

Watoto wengi wa Ngara huanza na Kihangaza au Kishubi, na wenzao wa Biharamulo wana lugha zao za nyumbani. Shuleni hupokea Kiswahili, na sekondari Kiingereza. "Insisa" kwao ni mzigo mtupu. Watu husema kwamba litawafaa huko sekondari. Naam, huko wafundishwe incisor pamoja na maana yake. Katika shule ya msingi yatosha kuandika ubaoni "meno ya kukatia".

Jina hilo lina faida nyingine. Mtoto aliyechunga ng'ombe amekwisha kuona wakubwa wakimfungua mnyama kinywa ili wajue umri wake, naye ajua kwamba mbele, upande wa juu, hamna jino, ila ufizi mgumu. Ukimwambia "meno ya mbele", ataandika na kunyamaza. Ukimwambia "meno ya kukatia", atauliza ng'ombe hukataje majani. Nawe utamweleza jinsi ulimi uyakusanyavyo, meno ya chini yakayabana juu ya ufizi ule, na kichwa kikavuta.