Ufundi wa Kuijua Ajali ya Programu

Firefox ikianguka, tunaonyeshwa dirisha dogo la kuomba radhi na kitufe cha kuianzisha upya. Wengi tunasonya, tunabofya, tunaendelea na kazi. Nyuma ya kitufe hicho kuna ufundi ambao sijausikia ukisifiwa, basi acha niusifu mimi.

Mwaka 2008, Firefox 3 ilianza kutumia Breakpad, chombo kinachowahi kuandika faili dogo kabla programu haijakata roho. Ndani yake mna vipande vya kumbukumbu, yaliyokuwa kwenye rejista za prosesa, na orodha ya maktaba zilizokuwa zimepakiwa. Ni tarakimu karibu tupu. Mtumiaji akikubali, faili linatumwa Socorro, mfumo wa Mozilla wa kupokea ripoti hizi, na huko tarakimu hugeuzwa kuwa majina ya funksheni kwa msaada wa mafaili ya simboli yaliyohifadhiwa toleo lile lile lilipojengwa. Simboli za toleo la jana hazimsaidii mtu wa leo.

Kila ripoti hupewa namba. Tarakimu sita za mwisho ni tarehe: 220630 maana yake ripoti ilipokelewa tarehe 30 Juni 2022. Aliyepanga hivyo alimfikiria mtafutaji.

Lakini kutafuta kwa namba ni kazi nyepesi. Kazi hasa ni kuzikutanisha ripoti zenye chanzo kimoja. Socorro huipa kila ripoti saini, inayotungwa kwa majina ya funksheni za juu katika mfuatano wa miito iliyokuwa ikiendelea. Za juu zipi? Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Iliyo juu kabisa mara nyingi ni funksheni ya kunakili kumbukumbu, au ya kuizima programu kwa makusudi, na ajali zisizo na undugu wowote huishia hapo hapo. Kuzitia kundi moja ni sawa na askari wa barabarani anayeandika “mwendo kasi” kwenye kila ajali: hajadanganya, ila hajasaidia. Kwa hiyo zipo orodha za majina ya kurukwa, na za majina yanayobaki kwenye saini lakini yanaulazimisha mfumo kushuka hatua moja zaidi. Ukishuka kidogo mno, kasoro kumi hujificha nyuma ya jina moja. Ukishuka mno, kasoro moja hutawanyika kwenye saini ishirini, na hakuna hata moja inayoonekana kubwa kiasi cha kumtoa mtu kitini. Hakuna kanuni ya kulimaliza hili. Orodha hurekebishwa jina kwa jina, na watu waliokwisha kusoma ripoti nyingi.

Fungua ripoti moja utazame anwani na rejista. Mzoefu akikuta e5e5e5e5, anajua pa kuanzia: Firefox huijaza baiti e5 kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, kwa hiyo kuna msimbo ulioendelea kushika kitu kisicho chake tena. Kasoro za namna hiyo ni mlango wa wavamizi, ndiyo maana hushughulikiwa faraghani kwanza.

Mimi binafsi huheshimu zaidi kile ambacho mfumo unakataa kuonyesha. Kipande cha kumbukumbu kinaweza kubeba nywila au barua ya mtu. Mpita njia ataona majina ya funksheni, toleo na aina ya kompyuta. Kumbukumbu yenyewe na anwani za kurasa zilizokuwa wazi ni za wachache waliopewa ruhusa. Chombo cha utafutaji kinachoonyesha kila kitu ni rahisi zaidi kukijenga, na ni cha hatari.

Andika about:crashes kwenye Firefox yako. Kama imewahi kuanguka na ukakubali kutuma ripoti, bofya namba mojawapo. Saini yake ikiwa imeshaunganishwa na kasoro iliyo wazi kwa umma kwenye Bugzilla, daftari la Mozilla la kasoro, utakuta kiungo hapo hapo, na ukikifuata utasoma wahandisi wakibishana nani aishike.