Mtoto wa Lituhi Hayumo: Kuusoma Upya Mjadala wa Kufuta Michezo Shuleni

Kila baada ya miaka michache mjadala ule unarudi: michezo ya shule ifutwe au ibaki? Matokeo ya mtihani yakiwa mabaya tu, utamsikia mtu, "Hawa watoto wanacheza mno." Kabla hujachagua upande, ndugu msomaji, hebu tuusome mjadala wenyewe kama tunavyosoma hadithi. Nani anasimulia? Nani mhusika mkuu? Na nani hayumo kabisa?

Maana marufuku si jambo la kubuni, tulishaiishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zilisimamishwa nchi nzima. Hoja ilikuwa kwamba michezo inakula muda wa masomo. Mashindano yalirudi baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia.

Hadithi ya wanaotaka kufuta ina mhusika mmoja: mwanafunzi mwenye saa chache, na mpira ndiye mwizi wa saa hizo. Watetezi wa michezo huicheka, nami naona wanakosea. Wiki ya mashindano, mwalimu wa hesabu akiwa ndiye kocha, hata waliobaki darasani hawafundishwi. Hilo ni kweli. Udhaifu wa hadithi hii uko mbele kidogo, pale inapodhani kwamba saa zikiokolewa zitakwenda kwenye daftari. Kwetu zilikwenda kuanika usipa. Huko juu Umatengo zilikwenda kuchuma kahawa.

Hadithi ya watetezi nayo ina shujaa wake, Mbwana Samatta. Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa: tazameni mpira unavyolipa! Sawa, lakini soma tarehe. Samatta alizaliwa mwaka 1992, kwa hiyo marufuku ilimkuta akiwa na umri wa shule ya msingi. Mpira wake aliutoa mitaa ya Mbagala, Dar es Salaam, kwenye chandimu na timu za mtaani. Kwa hoja hii watetezi wanajifunga wenyewe, maana inaonyesha kwamba kipaji cha mjini kinaweza kupita bila mashindano ya shule.

Na hapo ndipo anapokosekana mtoto wa Lituhi, wa Liuli, wa Mbamba Bay. Yeye hana Mbagala. Mvulana angalau ana mchanga wa ufukweni na mpira wa makaratasi. Msichana je? Nani aliwahi kumwundia timu ya netiboli ya mtaa? Timu yake ilikuwa ya shule, basi.

Mimi nilikuwa kwenye timu hiyo, kabla ya marufuku, enzi Nyasa haijawa wilaya na sote tukiwa chini ya Mbinga. Tulipanda mlima nyuma ya lori, tumesimama, tunaimba mpaka sauti zikakauka. Tulifika usiku. Baridi ya Mbinga sisi watu wa ziwani hatukuwa tumeijua; dada mmoja mwenyeji alinivulia sweta lake. Kesho yake timu yao ikatufunga vibaya sana. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba wilaya yetu ina watu wengine.

Mdogo wangu alifika darasa lile lile katika miaka ya marufuku. Alimaliza la saba hajawahi kuupanda ule mlima. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa sawasawa na yangu.

Marekani nako wamebishana sana juu ya mpira wao wa vyuo, ule wa kofia ngumu. Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Chicago kiliufuta, baada ya rais wake, Robert Hutchins, kuandika hadharani kwa nini vyuo vimelewa fedha za viingilio. Unaweza kumpinga, lakini alikuwa anakisema chuo chake, na wanafunzi wake walikuwa na mji mzima wa kuchezea. Marufuku yetu ilisemwa mara moja kwa nchi nzima, kana kwamba Mbagala na Lituhi ni uwanja mmoja.

Ndiyo maana mjadala huu unanichosha hata unapoungwa mkono na watu ninaowapenda. Huyu anahesabu alama, yule anahesabu mishahara ya Ulaya, na wote wawili wanamsimulia mtoto wa mjini. Ukirudi tena, na utarudi, mimi nitamuuliza msemaji swali dogo: huyo mtoto unayemzungumzia, ukishamfungia uwanja wa shule, kuna uwanja gani mwingine hapo kijijini kwake? Na kama ni msichana?