Bwanga: Suruali Inayojifanya Sketi

Kwa siku mbili nilizokaa kwake Handeni, bibi hakujua kuwa nimevaa suruali. Alinipita uani, akanituma maji, akanisifu kwa majirani kwamba chuo hakijaniharibu. Asubuhi ya kuondoka nikapanda bodaboda, nikatupa mguu upande wa pili wa siti, na ile "sketi" ikagawanyika mara mbili.

"Kumbe!" akasema.

Wengi huisifu bwanga kwa sababu inapitisha upepo, na kwa joto letu hiyo si sifa ndogo. Mimi naona uzuri wake mkubwa uko kwenye mkato. Fundi wangu wa Korogwe aliweka mkanda mpana mbele na raba nyuma, akashusha sehemu miguu inapogawanyika ili nikikaa isivute, kisha akakiachia kitambaa kutoka nyonga mpaka chini bila kugusa goti. Ukisimama, miguu miwili inalala kama rinda moja. Ukipiga hatua, inaachana. Vazi hilohilo linawaambia wazee neno moja na kumwambia mvaaji lingine.

Kasoro zipo. Mifuko nililazimika kuiomba, kana kwamba mwanamke hana simu wala nauli. Pindo linafagia vumbi, chooni linataka mikono miwili, na kwenye pikipiki lazima ulikusanye lisinaswe na mnyororo.

Kasoro kubwa zaidi haimo kwenye kitambaa. Bwanga inakubaliwa kwa sababu haionekani kuwa suruali. Mwaka 1969, katika Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita vimini na suruali za kubana. Kwa jirani zetu Malawi, sheria ya mwaka 1973 ya utawala wa Banda iliwakataza wanawake suruali, iwe pana au nyembamba. Kwa hiyo upana haukuwahi kuwa kinga. Leo unatupatia ruhusa, na mwenye kuitoa ruhusa hiyo bado si mvaaji. Ndiyo maana nasita kuiita bwanga ushindi. Ni mapatano, na mimi mwenyewe nimefaidika nayo kwa kunyamaza siku mbili.

Lakini bibi hakuniuliza habari za adabu. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye bodaboda akiwa amekaa upande, kanga mbili zimembana magoti, mkono mmoja wa kushikilia na mwingine wa kujisitiri. Kifundo cha mkono wake hakijanyooka mpaka leo. Aliishika bwanga yangu pajani, akakipima kitambaa kwa vidole.

"Hii imekula mita ngapi?"

"Tatu, bibi."

Nimeshapeleka kitenge kwa fundi. Nimemwambia aweke mifuko miwili, na pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Akauliza kama ni sketi au suruali. Safari hii nilitaja jina lake: suruali.