Wajibu si Hisani: Istilahi Mbili za Masomo ya Biashara

Masomo ya biashara yamepokea dhana mbili ambazo hutajwa pamoja: biashara endelevu, na wajibu wa kampuni kwa jamii. Istilahi zenyewe zimeundwa kwa kufuata kanuni za lugha yetu. Kasoro imo katika namna zinavyofafanuliwa na kutumiwa.

Tuanze na "endelevu". Kivumishi hiki kimenyambuliwa kutokana na kitenzi endelea, kama vile -vumilivu kutokana na vumilia. Umbo lake halina ila. Lakini kwa kuwa asili yake ni kuendelea tu, mwanafunzi hudhani kuwa biashara endelevu ni ile isiyofilisika. Ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, iliyoieneza dhana hii, iliweka sharti: mahitaji ya leo yatoshelezwe bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kutosheleza yao. Kampuni ya magogo imalizayo msitu mmoja na kuhamia mwingine yaweza kudumu miaka mingi, endelevu siyo. Fasili isiyotaja sharti hilo haifai kuingizwa katika kitabu cha kiada.

Dhana ya pili imeharibiwa zaidi. Mara nyingi hufasiriwa "kurudisha kwa jamii", na mifano yake huwa madawati na jezi. Hiyo ni hisani. Hisani hutolewa apendapo mtoaji, na mpokeaji hushukuru. Wajibu hudaiwa, na asiyeutimiza huulizwa. Milton Friedman, alipoandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, hakumzuia mtu kutoa sadaka ya mali yake mwenyewe. Alipinga meneja kutumia mali ya wenye hisa kwa malengo yasiyo yao. Mjadala huo haufundishiki kwa neno hisani.

Wala jambo hili haliishii darasani. Sheria ya Madini ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu huo na kuafikiana na mamlaka ya serikali ya mtaa. Ofisa aliyefundishwa kuwa hiyo ni hisani ataupokea kwa shukrani mpango anaopaswa kuuhoji.

Twapendekeza, basi, neno "wajibu" litumike kwa kinachodaiwa, "hisani" kwa kitolewacho kwa hiari, na "uwajibikaji" kwa hali ya kuutolea hesabu wajibu huo. Wafasiri wasibadilishane maneno haya kwa kuogopa tu kurudia neno.