Asiransi ya polisi, ao asiransi ya mutu?

Wandugu, hapa Kamina ukimuuliza mutu wa pikipiki juu ya nini alilipa asiransi, atakujibu bila kufikiri: "Juu ba-PCR basinisumbue." Sijasikia hata mmoja akisema: "Juu siku nikigonga mutu, kuwe mwenye kunisimamia ku tribinali." Ile jibu la kwanza njo ugonjwa wetu, na si ugonjwa wa watu wasiosoma tu. Sisi wenye diploma pia tunaweka karatasi mu pochi bila kuisoma.

Jirani yangu wa Sobongo alikuwa na pikipiki mbili. Moja alimpa kijana afanye teksi. Siku moja kijana akagonga mtoto aliyekuwa anavuka na bidoni ya maji, mguu ukavunjika. Kijana akakamatwa, familia ya mtoto ikadai makuta ya hospitali na zaidi. Jirani akachukua karatasi yake ya asiransi, akaenda ku biro ya kampuni iliyomuuzia. Wakamuambia: "Papa, leta kwanza hukumu ya tribinali, kisha tutaangalia." Akauliza: "Na ku tribinali naenda na nani?" Hakuna aliyemjibu. Aliuza pikipiki ya pili ili alipe avoka.

Ile swali lake lina uzito kuliko kozi nyingi tulizosoma. Asiransi ya kujibu madhara ya wengine, ile tunayoita RC, inapaswa kuwa na ahadi mbili. Ya kwanza: kulipa mahali pako ukionekana una kosa. Ya pili: kukutetea mbele kosa halijajulikana, yaani kuweka avoka, kujibu barua, kuzungumza na familia iliyoumia. Kule Marekani wanasheria wanazitenganisha kabisa, na wanasema ya kutetea ni pana kuliko ya kulipa. Sababu yake ni rahisi. Kulipa kunangoja ukweli upatikane. Kutetea kunaangalia mashitaka tu: mtu akikushitaki kwa jambo lililo ndani ya kontra yako, kampuni inasimama nawe hata kama mashitaka ni ya uongo. Mwisho wa kesi pengine hakuna cha kulipa, lakini utetezi umeshafanya kazi yake.

Sasa tuangalie kwetu. Tangu sheria ya 5 Januari 1973, ni lazima kila mwenye motokari awe na asiransi ya RC. Kwa karibu miaka 50 SONAS peke yake ilikuwa na ruhusa ya kuuza asiransi mu inchi yote. Code des assurances ya 17 Machi 2015 ikavunja ile monopoli, ARCA ikawekwa kuchunga soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zikaanza kupewa ruhusa. Ni hatua nzuri, sikatai. Lakini ushindani ule umekuwa wa nani anauza karatasi haraka. Kwenye meza ya kuuzia, hakuna anayekueleza nani atakutetea. Soko limefunguka, na mteja bado ananunua ruhusa ya kupita bariere.

Mtu atasema: "Kama mwishoni kampuni inalipa, shida iko wapi?" Shida iko katikati. Code civil yetu, artikle 258, inasema anayeleta madhara kwa kosa lake lazima ayarekebishe. Artikle 260 inamfanya bosi ajibu pia juu ya mtu aliyemtuma kazi. Na upande wa penal, artikle 52 mpaka 54 zinaadhibu kuua ao kuumiza bila kukusudia. Kifungo na amande, asiransi haiwezi kuvibeba mahali pako. Lakini kesi ni ileile, na makuta ya fidia yanatoka mule mule. Ukiingia bila avoka, ukasema maneno ya woga, kosa linaandikwa juu yako lote. Kisha kampuni iliyokuacha peke yako inapata nafasi ya kusema: "Haukutupa taarifa, na ulishakubali kosa."

Hapo njo kuna jambo linaloniuma zaidi. Kwetu, ukigonga mtoto wa mtu, hauwezi kukaa nyumbani. Unaenda hospitali, unalipa dawa, ukikuta kilio unaketi na watu chini. Ni utu. Lakini kontra nyingi zinakataza kukubali kosa bila kampuni kujua. Je, kulipa dawa ni kukubali kosa? Ubelgiji, ambako sheria yetu ilitoka, walijibu hilo swali katika sheria yao ya asiransi ya 1992: kukubali kwamba tukio lilitokea, ao kulipia msaada wa kwanza na matunzo ya haraka, si sababu ya kampuni kukataa kulipa. Ile sentensi moja ingetufaa mu kila kontra inayouzwa Kamina, na iandikwe kwa luga ambayo mwenye pikipiki anasikia.

Tusidanganyane pia: avoka wa kampuni analipwa na kampuni. Anaweza kukutetea asubuhi, na mangaribi kutafuta kama ulikuwa umekunywa ili kampuni itoke. Ufaransa sheria inaziba hilo shimo: kampuni ikichukua uongozi wa kesi yako bila kutoa masharti, haiwezi tena kuleta sababu za kukataa ambazo ilikuwa inazijua tangu mwanzo. Huwezi kumpeleka mtu mpaka katikati ya muto kisha umuachilie.

Sasa sisi tufanye nini? Wewe uliyesoma sheria, kaa na baba yako ao mjomba wako mwenye motokari, musome pamoja masharti ya jumla. Tafuteni mambo matatu: nani anaongoza kesi na nani analipa avoka, siku ngapi za kutoa taarifa, na nini kinaifanya kampuni ikatae, kama kubeba watu kupita kiasi ao kukosa permi. Ajali ikitokea, saidia aliyeumia, andika taarifa, baki na kopi yenye cachet. Karatasi yoyote ya polisi, ya parke ao ya tribinali, ipeleke kwa kampuni siku ileile. Na mbele ya kulipa, uliza swali la jirani yangu: "Na ku tribinali naenda na nani?"

Wakinyamaza, ujue wanakuuzia asiransi ya polisi.